KARATASI ZA KORTI: NAMNA YA KUZITAFUTA NA KUZIOMBA

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Migori. Tunayachapa kwa sababu wengi waliomba wapewe yakiwa yameandikwa, wakayasome na wenzao nyumbani.)



 

Tukikutana huwa tunazungumza juu ya mbuzi wa maziwa, mikopo na maji safi. Leo tutazungumza juu ya korti. Ninyi wenyewe mliomba, na sababu yake naijua. Karibu kila kikundi hapa kina mtu ambaye kijana wake yuko rumande, au ng'ombe wake waliibwa wakavushwa usiku, au mtoto wake alidhulumiwa. Vingine vilimpeleka mweka hazina wao polisi. Na swali ninaloulizwa ni lile lile: "Dada, ile kesi ilifika wapi?"

Swali hilo kwa kawaida hujibiwa na nani? Jirani hujibu. Mtu wa bodaboda aliyempeleka shahidi hujibu. Kuna na yule bwana anayesimama nje ya korti na bahasha kwapani, yeye hujibu kwa pesa. Kumbe jibu la kweli limeandikwa, liko ndani ya faili, na faili iko kortini.

Sisi watu wa vikundi tuna methali yetu: Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndiyo maana kila shilingi mia tunaiandika. Sasa mbona kifungo cha miaka kumi cha mtoto wetu tunakiweka kichwani tu? Kesi nayo ina daftari lake. Na daftari hilo, sheria inasema tunaweza kuliomba.

KOSA KUBWA NI LIPI?

Watu hufikiri makosa makubwa ni mauaji na unyang'anyi peke yake. Sheria yetu ya Makosa ya Jinai, Sura ya 63, kifungu cha 4, inasema kosa likiwa na adhabu ya kifo, au kifungo cha miaka 3 na zaidi, basi kwa kawaida hilo linahesabiwa miongoni mwa makosa makubwa. Wizi wa kawaida adhabu yake ni hadi miaka 3. Kwa hiyo hata kijana aliyeiba kuku, mbele ya sheria amefanya kosa kubwa. Wizi wa mifugo kama ng'ombe, mbuzi na kondoo ni hadi miaka 14. Kuvunja nyumba usiku ni hadi miaka 10. Kuchoma nyumba ya mtu ni hadi kifungo cha maisha.

Nasema haya ili mtu asidharau kesi ya nyumbani kwake akisema, "Aa, hiyo ni kesi ndogo tu." Kesi ndogo ya kuku inaweza kumkalia kijana miaka mingi kila anapotafuta kazi.

KWA NINI TUZITAFUTE KARATASI HIZI?

Kwanza, kwa sababu ya rufaa. Hapa naomba msikie vizuri. Mtu akifungwa na hakimu, ana siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Si mwezi, si baada ya mavuno. Ni siku 14. Na rufaa inataka nakala ya hukumu. Familia nyingi huzimaliza siku hizo kwa kulia na kutafuta wa kulaumiwa.

Lakini sheria haikosi huruma. Kifungu cha 349 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, kinasema kwamba mtu akichelewa kwa sababu aliomba hukumu na mwenendo wa kesi asipewe kwa wakati ufaao, korti itaipokea rufaa yake. Mnaona? Lakini atajuaje jaji kwamba uliomba? Kwa barua yako yenye muhuri na tarehe. Aliyeomba kwa mdomo hana ushahidi. Barua moja inaweza kuokoa rufaa nzima.

Pili, kwa sababu ya aliyekosewa. Mama ambaye binti yake alidhulumiwa ana haki ya kujua kesi imefika wapi. Tangu mwaka 2014 tuna Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa. Na mwenye ng'ombe waliopatikana na kuwekwa kama vielelezo anahitaji kujua korti iliamuru nini juu yao.

Tatu, kwa sababu ya jina la mtu. Kijana ameachiliwa na korti, lakini kijijini bado anaitwa mwizi. Nakala ya hukumu yenye muhuri inaweza kusomwa mbele ya chifu na mbele ya kikundi, maneno yakaisha.

Nne, kwa sababu ya waliofungwa zamani. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ilisema si haki kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji bila kumsikiliza kuhusu adhabu. Mwaka 2021 mahakama hiyo ikaeleza kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji tu. Wafungwa wengi waliomba adhabu zao ziangaliwe upya. Anayeomba hivyo huulizwa faili yake iko wapi, na mara nyingi aliye nje ndiye mwenye miguu ya kuitafuta.

HATUA YA KWANZA: TAFUTA NAMBARI

Ukienda kortini bila nambari ya kesi, ni kama kwenda posta kuulizia barua ya "yule mtu wetu". Kwa hiyo kabla ya kupanda matatu, tafuta nambari. Utaipata wapi?

Iko juu ya karatasi ya mashtaka. Iko kwenye risiti ya dhamana. Iko kwenye samansi aliyoletewa shahidi. Na kama mtu wetu yuko gerezani, nambari iko kwenye hati iliyompeleka kule, na maafisa wa gereza wanaohusika na karatasi za wafungwa wanaweza kumsomea.

Nambari ina sehemu tatu: aina ya kesi, nambari yenyewe na mwaka. Mkiona herufi MCCR, hiyo ni kesi ya jinai mbele ya hakimu. HCCR ni ya jinai katika Mahakama Kuu. Tangu korti zianze kusajili kesi kwa kompyuta, nambari nyingi huanza na herufi E. Iandike vile vile ilivyo. Ukisahau ile E, utaletewa kesi ya mtu mwingine. Ukisahau mwaka, hutaletewa kitu.

Je, kama nambari imepotea kabisa? Nenda na mambo manne: majina ya mshtakiwa kama yalivyoandikwa na polisi, kosa lenyewe, kituo cha polisi alikokamatiwa, na tarehe aliyofikishwa kortini mara ya kwanza. Karani ataangalia katika rejista ya mwaka huo au kwenye kompyuta. Ukiwa na nambari ya OB uliyopewa polisi, ibebe pia, maana kituo kinaweza kukusaidia kujua kesi ilipelekwa korti gani.

Hapa kuna jambo linalowapoteza wengi. Kesi ya jinai haiandikwi kwa jina la mlalamishi. Inaandikwa Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Kwa hiyo wewe uliyeibiwa usiulizie faili kwa jina lako. Ulizia kwa jina la aliyeshtakiwa. Na tuangalie majina yetu haya: kitambulisho kinasema hivi, ubatizo unasema vile, na kijijini anaitwa jina la utani. Polisi waliandika lipi? Hilo ndilo la kutafuta.

HATUA YA PILI: KORTI GANI?

Faili hukaa pale kesi iliposikizwa. Haikai lazima pale jambo lilipotendeka. Katika kaunti yetu korti za mahakimu ziko Migori mjini, Rongo na Kehancha. Kwa majirani zetu wa Homa Bay ziko Homa Bay mjini, Oyugis, Ndhiwa na Mbita. Hawa mahakimu ndio husikiza kesi nyingi: wizi, kuvunja nyumba, kujeruhi, unyang'anyi wa kutumia nguvu, na kudhulumu watoto.

Mauaji ni ya Mahakama Kuu. Sasa tuna Mahakama Kuu Migori, na nyingine iko Homa Bay. Lakini kesi za miaka ya nyuma, kabla hatujawa na Mahakama Kuu hapa, mauaji na rufaa za watu wetu zilikuwa zikienda Kisii. Kwa hiyo mzee anayetafuta faili ya ndugu yake ya miaka ya tisini asishangae akiambiwa aende Kisii. Na rufaa kutoka Mahakama Kuu huenda Mahakama ya Rufaa. Za kwetu huku kwa kawaida ni Kisumu.

Kesi inaweza pia kupelekwa mbali kabisa. Mnakumbuka ile kesi ya mauaji ya mwaka 2018 iliyozungumzwa sana katika Migori na Homa Bay? Ilipelekwa Milimani, Nairobi. Ukiitafuta Migori utarudi mikono mitupu.

Kuna pia faili za uchunguzi wa kifo. Mtu akifa kifo kisichoeleweka, kwa mfano ziwani au ndani ya shimo la dhahabu, na hakuna aliyeshtakiwa, hakimu anaweza kusikiza mashahidi na kuandika uamuzi. Hiyo nayo ni rekodi ya korti. Wakatoliki wenzangu mnamkumbuka Padre John Kaiser, aliyefanya kazi miaka mingi katika Jimbo la Kisii, kisha Lolgorian, hapo ng'ambo ya Kuria. Alikutwa amekufa karibu na Naivasha mwezi Agosti 2000. Wapelelezi wa Marekani walisema huenda alijiua. Baadaye hakimu Maureen Odero akasikiza mashahidi, na mwezi Agosti 2007 akaamua kwamba padre aliuawa. Lau kama hapangekuwa na mashahidi walioandikwa kortini, tungebaki na yale maneno ya kwanza.

HATUA YA TATU: ANDIKA BARUA

Ukishajua nambari na korti, usianze kwa maneno matupu dirishani. Andika barua. Barua yenyewe ni fupi, hata mtoto wa darasa la saba anaweza kukuandikia. Iwe hivi:

Jina langu, sanduku la posta, nambari ya simu, tarehe.

Kwa Msimamizi wa Mahakama,
Mahakama ya Hakimu, Migori.

KUHUSU: KESI YA JINAI NAMBARI ......... YA MWAKA ........., JAMHURI DHIDI YA .........

Mimi ni (mshtakiwa, au mlalamishi, au mzazi wa mshtakiwa aliye gerezani) katika kesi hii, iliyoamuliwa tarehe ......... katika korti yako. Naomba nipewe nakala zilizoidhinishwa za:
1. Mwenendo wote wa kesi.
2. Hukumu na adhabu.
3. Karatasi ya mashtaka.
Ninazihitaji kwa ajili ya rufaa, ambayo siku zake zinakwisha tarehe ......... Niko tayari kulipa ada inayotakiwa na kupewa risiti.

Sahihi na nambari ya kitambulisho.

Basi, ni hayo tu. Kama kesi ilikuwa ya Mahakama Kuu, mwandikie Naibu Msajili. Piga nakala mbili. Moja waachie, na ya pili ipigwe muhuri kwamba imepokewa, pamoja na tarehe, urudi nayo nyumbani. Usiitoke ofisi ile bila muhuri. Muhuri huo ndio nilisema unaweza kuokoa rufaa.

Mwenendo wa kesi ni nini? Ni maneno yote ya mashahidi jinsi hakimu alivyoyaandika, maswali waliyoulizwa, na tarehe zote kesi ilipoahirishwa. Hukumu ni uamuzi na sababu zake. Watu huomba hukumu peke yake, halafu wakili anawaambia hawezi kufanya kazi bila mwenendo. Ombeni vyote mara moja. Mahali pengi hakimu huandika kwa mkono, na lazima maandishi yapigwe chapa kwanza. Hapo ndipo siku zinapoenda. Kwa hiyo omba mapema. Mshtakiwa mwenyewe anaweza kusema pale pale siku ya hukumu: "Mheshimiwa, nataka kukata rufaa, naomba nakala."

Nani ana ruhusa ya kuomba? Mshtakiwa anayo kwa Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 50: apewe nakala ya mwenendo ndani ya muda unaofaa, kwa ada inayofaa. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 392, inampa pia mtu yeyote ambaye uamuzi umemgusa. Mama akimwombea mwanawe aliye ndani, abebe barua fupi ya huyo mwana yenye sahihi au alama ya kidole. Na aliye gerezani anaweza kukabidhi rufaa yake kwa mkuu wa gereza, naye ni wajibu wake kuipeleka kortini.

Mtu wa nje kabisa, asiyehusika, atatakiwa aeleze sababu yake. Kesi za watoto zina ulinzi wake, na ndivyo inavyofaa. Usiende kuulizia faili ya mtoto wa mwenzako.

Na yule asiyejua kusoma? Asione haya. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inasema ombi la habari kwa ofisi ya umma laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, afisa amwandikie. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, na jambo likigusa uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48.

HATUA YA NNE: LIPA KWA NJIA HALALI

Mshtakiwa akiomba nakala ya hukumu yake, kifungu cha 170 cha Sura ya 75 kinasema apewe bila malipo. Nakala nyingine zina ada, na mwenendo mrefu una kurasa nyingi. Uliza kiasi kabla ya kulipa, lipa kwa njia ya serikali, na upewe risiti. Pesa ya mkononi isiyo na risiti siyo ada. Hiyo ni hongo, na tangu Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 anayetoa na anayepokea wote wana makosa.

Kama huna pesa, andika hivyo katika barua. Kifungu kile cha 392 kinairuhusu korti kutoa nakala bure ikiwa kuna sababu maalum. Umaskini usikufanye unyamaze.

Na yule bwana wa bahasha? Namfahamu, nanyi mnamfahamu. Kuna mama mmoja, jina lake nalihifadhi, alimpa mtu kama huyo pesa za mbuzi wawili ili "amtolee faili". Aliletewa karatasi tatu zilizopigwa picha, bila muhuri, na moja ilikuwa ya kesi ya mtu mwingine. Siku 14 zikapita. Tulipokwenda naye kortini kwa barua yake mwenyewe, nambari ilipatikana asubuhi ile ile. Alikuwa nayo siku zote, kwenye risiti ya dhamana aliyoikunja ndani ya kitabu cha nyimbo.

Wakati mwingine huhitaji hata nakala. Unataka tu kujua kesi imefika wapi. Hapo omba kuisoma faili pale pale ofisini, mbele ya karani. Huruhusiwi kutoka nayo wala kuchomoa karatasi. Na hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa zinawekwa na shirika la Kenya Law kwenye intaneti, ambapo yeyote husoma bila malipo. Mwambieni kijana mwenye simu awatafutie. Lakini mkumbuke: hukumu nyingi za mahakimu hazimo, na mwenendo wa mashahidi pia haumo. Asipoiona kwenye simu, haina maana kwamba kesi haiko.

Tena tusichanganye mambo. Cheti cha tabia njema hutolewa na polisi wa upelelezi, baada ya kupigwa alama za vidole. Hicho ni kitu kingine. Karatasi za kesi huwa na korti.

HATUA YA TANO: SOMA ULICHOPEWA

Umepata karatasi. Kabla hujaondoka, hesabu kurasa, angalia muhuri kwenye nakala, angalia jina na nambari. Halafu tafuta mwisho wa kesi, maana "kesi imekwisha" ina maana nyingi. Angalia kifungu kilichoandikwa:

Kifungu cha 87(a): upande wa mashtaka umeondoa kesi kabla ya mshtakiwa kujitetea. Mtu ameachiliwa, lakini anaweza kushtakiwa tena.

Kifungu cha 202: mlalamishi hakufika kortini, na mshtakiwa akaachiliwa. Akina mama, mkilisoma hili kwenye kesi ya mtoto wenu na hamkuletewa samansi yoyote, msikae kimya. Nendeni upesi kwa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Kifungu cha 210: mashahidi walisikizwa, korti ikaona hakuna kesi ya kujibu. Mtu hana hatia.

Kifungu cha 215: kesi ilisikizwa mpaka mwisho. Hapa amepatikana na hatia au hana hatia.

Mnaona tofauti? Kijiji kizima kinasema "alitoka", lakini aliyetoka kwa 87(a) na aliyetoka kwa 210 hawalali usingizi mmoja.

IKIKWAMA

Ukiambiwa "njoo kesho" mara ya tatu, panda ngazi moja moja. Muone msimamizi wa korti. Kisha hakimu msimamizi, au Naibu Msajili kwa Mahakama Kuu. Kuna Kamati ya Watumiaji wa Korti, ambamo hukutana mahakimu, polisi, magereza, mawakili na wawakilishi wa jamii. Vikundi vyaweza kupeleka neno lao huko. Kuna pia Ofisi ya Ombudsman wa Mahakama, inayopokea malalamiko juu ya huduma za korti. Na kwa msaada wa wakili kwa asiyejiweza, kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016. Ofisi za Haki na Amani katika jimbo letu la Homa Bay, ambalo Migori imo ndani yake, nazo mnazijua. Kila unapokwenda, beba ile barua ya muhuri.

Na faili ikipotea kabisa? Hutokea. Basi korti inaweza kuamuru ijengwe upya kutokana na nakala zilizo kwa polisi, kwa mashtaka, kwa wakili na kwenu nyumbani. Msidanganywe kwamba faili ikipotea mfungwa anatoka siku hiyo hiyo. Mahakama ya Rufaa imekataa hilo mara nyingi, na yaweza kuamuru kesi ianze upya. Tena sheria inaruhusu faili za zamani sana kuharibiwa baada ya muda wake. Kwa hiyo mwenye haja asingoje.

TUZITUMIE KWA HESHIMA

Neno la mwisho. Karatasi hizi zina majina ya watu. Kikundi kinachotaka kumchagua mweka hazina kina haki ya kujua kama kweli alifungwa kwa wizi, badala ya kusikiliza uvumi. Lakini mtu kushtakiwa siyo kupatikana na hatia. Na aliyefungwa akamaliza kifungo chake amelipa deni. Tusiitoe nakala tukaisoma sokoni au kuisambaza kwenye simu ili tumwaibishe mtu. Na jina la mtoto aliyedhulumiwa lisitoke kinywani mwetu kabisa.

Sasa kazi ya nyumbani. Kila kikundi kinunue faili moja ya kadibodi na kumpa katibu. Kila mwanachama mwenye kesi aandike ndani yake mambo matano: nambari ya kesi, korti, jina la mshtakiwa, tarehe inayofuata, na mwisho wa siku za rufaa. Risiti za dhamana na samansi zipigwe nakala na kuwekwa humo. Nikija tena nitaanza kwa kuomba kuiona faili hiyo, kama ninavyoomba daftari la akiba.

Kama kuna mtu hapa ambaye hukumu ya mtu wake ilitoka wiki hii, asingojee chai. Aje tuandike barua sasa hivi, na kesho asubuhi awe dirishani.